Kipupwe cha Mbekenyera: Kwa Nini Uwanja Huchanua Mvua Zikishakatika

Ikifika Julai, mvua za Mbekenyera zimeshasahaulika. Zilikatika Aprili au Mei, na hazirudi mpaka Novemba au Desemba. Nyasi za porini zimekauka, barabara ina vumbi, na mgeni anayefika wilayani Ruangwa kwa mara ya kwanza huona nchi iliyopauka tu. Lakini aingie uani kwa mtu. Mkorosho ulio kando ya jiko umebeba vishada vya maua, mwembe nao umeanza, mbaazi zilizoachwa shambani baada ya mahindi kuvunwa zimepiga njano, na bogenvilia ya mlangoni, ambayo masika yote ilikuwa majani matupu, imewaka rangi mpaka juu ya paa.

Jambo hili linahitaji kuulizwa. Mmea huishi kwa maji. Kwa nini basi mimea hii ikae na maji tele tangu Desemba hadi Aprili bila kuchanua, kisha isubiri ardhi ikauke ndipo itoe maua? Jibu lipo, na halihitaji maabara. Linahitaji fimbo, mfuko mmoja unaoonesha ndani, na uvumilivu wa kufuata hoja hatua kwa hatua. Tuanze mbali kidogo, kwenye jua.

Mbekenyera iko takriban nyuzi 10 kusini mwa Ikweta. Dunia huzunguka jua ikiwa imeinama kwa nyuzi 23 na nusu hivi, na kila ifikapo Juni 21 upande wa kaskazini ndio ulioinamia jua. Siku hiyo jua la mchana huwa utosini kwa watu walio nyuzi 23 na nusu kaskazini mwa Ikweta. Sisi tuko nyuzi 33 na zaidi kutoka hapo. Kwa hiyo hata likipanda namna gani, kwetu halifiki utosini. Husimama upande wa kaskazini, nyuzi 57 hivi kutoka upeo wa macho.

Chomeka fimbo iliyonyooka, yenye urefu wa mita 1 juu ya ardhi, mahali tambarare. Mwishoni mwa Juni, jua lifikapo juu kabisa (kwetu ni kama saa sita na nusu mchana, kwa kuwa saa za Afrika Mashariki zimepangwa kwa mstari ulio mashariki zaidi yetu), kivuli cha fimbo kitakuwa na urefu wa sentimita 66 hivi na kitaelekea kusini. Rudia Desemba: kitakuwa sentimita 24 tu, na kitaelekea kaskazini. Kati ya vipimo hivyo viwili kuna siku mbili ambazo fimbo haina kivuli kabisa mchana, moja ikiwa kwenye tarehe 20 ya Oktoba au karibu yake, nyingine kwenye tarehe 22 ya Februari.

Kivuli kirefu maana yake mwanga umekuja kwa mshazari. Mwanga ambao jua likiwa utosini ungeangukia mita 1 ya mraba, mwezi Juni hutandazwa kwenye karibu mita 1.2 za mraba. Kila kipande cha ardhi hupata pungufu, na mchana wenyewe ni mfupi: takriban saa 11 na nusu, wakati wa Desemba ni saa 12 na dakika 40 hivi. Wapo wanaodhani baridi huja kwa sababu Dunia iko mbali na jua. Ni kweli kwamba mwanzoni mwa Julai tuko mbali zaidi, kilometa milioni 152 badala ya milioni 147 za Januari, na tofauti hiyo hupunguza mwanga kwa asilimia 7 hivi. Ila kama umbali ndio ungekuwa mwamuzi, London nayo ingetetemeka mwezi Julai, wakati ndio msimu wao wa joto.

Mvua nayo hufuata jua. Mahali jua linapochoma zaidi, hewa hupata joto, hupanda, hupoa huko juu, na mvuke wake hugeuka mawingu. Jua likihamia kaskazini, ukanda huo wa mvua huhama nalo. Kwetu hubaki upepo wa kusi unaovuma kutoka Bahari ya Hindi. Unaleta unyevu, sawa, lakini hewa ya juu yake inashuka badala ya kupanda, na hewa inayoshuka haitengenezi mvua. Matokeo yake ni majira ambayo Mamlaka ya Hali ya Hewa huyatolea mwelekeo wake kila mwaka kwa jina la kipupwe, Juni hadi Agosti: anga jeupe, mchana wa wastani, alfajiri ya kujifunika.

Baridi ya alfajiri ina sababu yake. Kila kitu chenye joto hutoa mionzi isiyoonekana kwa macho, ardhi ikiwemo. Usiku wa mawingu, mawingu hayo huirudisha chini sehemu ya mionzi. Usiku wa kipupwe hakuna wa kuirudisha, na ardhi hupoa haraka kuliko hewa iliyo juu yake. Hewa ya nyuzijoto 30 inaweza kubeba gramu 30 hivi za mvuke katika mita moja ya ujazo. Ikipoa hadi nyuzi 18 inabeba 15 tu. Kinachozidi hutua kwenye majani, kwenye utando wa buibui, kwenye bati. Huo ndio umande. Anayebisha aende alfajiri akaguse nyasi zilizo wazi, kisha aguse zilizo chini ya mwembe. Za chini ya mwembe kwa kawaida ni kavu, kwa sababu matawi huzirudishia joto usiku kucha.

Basi hayo ndiyo mazingira: maji ardhini yanapungua, mwanga upo wa kutosha, hewa ya mchana ni kavu, usiku ni baridi. Sasa tuingie ndani ya jani, maana huko ndiko siri ilikofichwa.

Jani hutengeneza sukari kwa kutumia mwanga, maji na hewa ya kabonidayoksaidi. Hewa hiyo ni haba mno: katika molekuli 10,000 za hewa tunayovuta, ni 4 na kidogo tu. Ili liipate, jani hufungua matundu madogo yaitwayo stomata, mengi yakiwa upande wa chini. Tatizo ni kwamba ndani ya jani mna unyevu kamili. Kwenye nyuzijoto 25, kila molekuli 10,000 za hewa iliyomo humo zina zaidi ya 300 za mvuke wa maji. Nje, tuseme hewa ina nusu ya unyevu inaoweza kubeba, yaani 150 na ushei. Matundu yakifunguka, tofauti inayosukuma maji kutoka ni zaidi ya 150. Inayosukuma kabonidayoksaidi kuingia haifiki hata 4, maana ndani nako tayari mna kiasi chake. Na molekuli ya maji, kwa kuwa ni nyepesi, hupita kwa kasi zaidi. Ndiyo maana mmea wa kawaida hupoteza mamia ya molekuli za maji kwa kila molekuli moja ya kabonidayoksaidi uliyoipata.

Mwenye duka angeendesha biashara ya namna hii angefunga ndani ya wiki. Jani linaiendesha kwa kuwa masika bidhaa linayoitoa, yaani maji, hailipiwi.

Unaweza kuiona hasara hiyo kwa macho. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini tangu Juni 1, 2019, lakini kifungashio cha mkate kinachoonesha ndani kinatosha. Kivishe kwenye tawi lenye majani machache mabichi asubuhi, ufunge mdomo kwa uzi, uache mpaka saa tisa. Matone utakayoyakuta humo yametoka kwenye majani. Zaidi ya 95 katika kila sehemu 100 za maji ambayo mizizi huyanyonya huondoka kwa njia hii. Yanayobaki kuwa mwili wa mmea ni kidogo sana.

Kiangazi kikija, maji si ya bure tena. Kila mmea wa uwanjani lazima uamue, na uamuzi wa kila mmoja ndio unaoipa bustani ya kipupwe sura yake. Mimi naona hapo ndipo uzuri wake ulipo: masika kila kitu ni kijani na kila kitu kinafanana, kipupwe kila mmea hujitangaza kwa tabia yake.

Mbuyu hufunga kabisa. Huangusha majani yote na kubaki na shina nene, la kijivu, lililojaa maji kwenye mti wake laini. Watu husema mbuyu hunywa akiba hiyo kiangazi kizima. Watafiti walioichunguza mibuyu ya Madagaska na kutoa matokeo mwaka 2006 waliona jambo la kuvutia zaidi: akiba hiyo mbuyu huitumia kutoa majani mapya kabla mvua hazijaanza, lakini hauitumii kufungua stomata za majani hayo. Hutandaza majani, kisha huyaweka tayari yakisubiri mvua. Na chini ya gamba lake la nje kuna tabaka la kijani linaloendelea kutengeneza sukari kidogo kidogo hata mti ukiwa mtupu. Kwangua kidogo tu kwa ukucha kwenye tawi changa, utaliona.

Muhogo nao hupukutisha majani, ukabaki vijiti vyenye makovu ya vikonyo vilivyodondoka. Akiba yake iko chini, kwenye wanga wa mizizi.

Minyaa, ile ya ua, ilishaachana na majani zamani. Majani yake ni madogo mno na huanguka mapema. Kazi yote imehamia kwenye vijiti vya kijani. Na vijiti hivyo vina ujanja mwingine: hufungua stomata usiku, wakati hewa ni baridi na ina unyevu, huhifadhi kabonidayoksaidi kwa namna ya asidi, kisha mchana hufunga matundu na kutengeneza sukari kwa kutumia akiba ya usiku. Mshubiri na mnanasi hufanya hivyohivyo. Hasara ya maji hupungua mara kadhaa. (Utomvu wa mnyaa usiuguse kisha ukajipangusa macho, unaweza kupofusha.) Mshubiri, kwa kuwa una maji yake ndani ya majani manene, hupata nguvu ya kusimamisha shina la maua mekundu katikati ya kiangazi. Hapo ndipo chozi, kale kandege kenye mdomo uliopinda, huja asubuhi.

Mkorosho na mwembe imechagua njia ya tatu: kwenda chini. Mizizi yake hushuka mita kadhaa, kwenye udongo ambao bado una maji ya Machi. Mbaazi ni ndogo, lakini mzizi wake mkuu nao hushuka mbali kuliko wa mahindi yaliyopandwa pamoja nayo.

Nchi hii ya Nachingwea na Ruangwa iliwahi kutoa somo ghali juu ya jambo hili la mizizi. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza mpango mkubwa wa karanga Tanganyika, na Nachingwea ilikuwa mojawapo ya sehemu tatu zilizochaguliwa, pamoja na Kongwa na Urambo. Yalikuja matrekta, ikajengwa reli kutoka Mtwara. Mwaka 1951 mpango ulifutwa. Makosa yalikuwa mengi, ya mitambo, ya udongo na ya haraka, lakini lipo moja linalotuhusu hapa: karanga ni zao la miezi mitatu au minne lenye mizizi mingi karibu na uso wa ardhi, na mvua ikichelewa au ikikatika mapema halina pa kukimbilia. Reli iling'olewa. Zao linalowaingizia watu wa Ruangwa, Nachingwea na Liwale fedha leo kupitia chama kikuu cha ushirika cha RUNALI ni korosho, zao la mti unaofanya kazi yake kubwa mvua zikiwa zimekatika.

Hata hivyo, kuwa na maji chini kunaeleza tu namna mkorosho unavyoweza kuchanua Julai. Hakuelezi kwa nini uchague Julai.

Anza na gharama. Majani yalifanya kazi masika yote, na sukari yake imewekwa akiba kwenye matawi na mizizi. Ua halitafuti kabonidayoksaidi. Kwa hiyo maua mengi yana stomata chache sana kuliko majani, mengine hayana kabisa. Ua hupoteza maji kupitia ngozi yake nyembamba, ndiyo maana hunyauka, lakini haliko kwenye ile biashara ya hasara tuliyoieleza. Kama kuna wakati wa kuacha kukuza majani na kutumia akiba kwa jambo jingine, ni huu.

Kisha mvua yenyewe ni adui wa ua. Huosha chavua, huzimua asali ya maua, huzuia wadudu kuruka, na huleta kuvu. Kishada cha mwembe kina maua mamia, wakati mwingine maelfu, madogo kiasi kwamba nzi ndio wachavushaji wake wakubwa, na yanayofika kuwa embe la kuvuna ni chini ya 1 katika 100. Kwa hesabu ngumu hivyo, wiki za ukavu ni za thamani.

Halafu kuna mbegu. Korosho huanguka Oktoba hadi Desemba, ikiwa na ganda gumu, ikasubiri mvua. Mbegu ya embe haina uvumilivu huo. Ikikaukia kokwani kwa wiki chache hufa. Embe lazima liive mvua zikiwa mlangoni au zimeshaingia, na ndivyo lifanyavyo, Novemba hadi Januari. Hesabu nyuma miezi minne au mitano hivi ya kukua kwa tunda: unafika Julai na Agosti.

Lakini mti hauna kalenda. Unajuaje? Ushahidi mzuri tunao kwa mwembe, kwa sababu asili yake ni upande wa India na Burma, kaskazini mwa Ikweta. Kule huchanua Januari na Februari. Kwetu, mti uleule huchanua Juni, Julai na Agosti. Kama ungekuwa unahesabu miezi, uliovushwa Ikweta ungeendelea kuchanua Januari katikati ya mvua zetu. Kinachofanana kati ya Januari ya India na Julai ya Ruangwa ni usiku wa baridi na ukavu. Na kweli, majaribio yameonesha kwamba chipukizi lililokomaa, likipata usiku wenye baridi ya chini ya nyuzi 20 hivi kwa muda, hutoa maua. Likiwa changa au likipata joto, hutoa majani. Mkorosho nao ulikuja na saa yake. Wareno waliutoa Brazili katika karne ya 16, na kule kaskazini mashariki mwa Brazili, kusini mwa Ikweta kama sisi, korosho hukomaa miezi ya mwisho wa mwaka vilevile.

Mbaazi hupima kitu kingine: urefu wa usiku. Ndani ya majani yake mna kemikali inayobadilika umbo mwanga ukiwepo na kurudi polepole gizani, na giza likizidi kiwango fulani, mmea hupata amri ya kuchanua. Aina zetu za kienyeji, zinazopandwa Desemba pamoja na mahindi, hukuta usiku mfupi zikakua majani na kimo tu. Kati ya Desemba na Juni usiku wa Mbekenyera huongezeka kwa saa 1 na dakika 10 hivi. Si nyingi, lakini kwa mbaazi zinatosha. Maua hufunguka, ya njano, mengine yakiwa na michirizi myekundu mgongoni, na nyuki wakubwa weusi wanaotoboa mbao huyatembelea mchana kutwa.

Kuhusu rangi, tusiharakishe. Nyuki haoni vizuri wekundu. Huona njano, buluu, na mwanga wa zambarau uliovuka uwezo wa macho yetu. Ndege huona wekundu barabara. Kwa hiyo maua mekundu ya mshubiri na yale ya njano ya mbaazi hayapambi kitu kimoja. Kila moja linamwita mgeni wake. Maua ya mkorosho yana jambo zuri zaidi ambalo wengi hupita nalo bila kuliona. Sogeza uso karibu na kishada. Ua lililofunguka leo ni jeupe lenye kuelekea maziwa. La jana na juzi limeingia waridi. Mengi ni ya kiume tu, na machache ndiyo yenye sehemu zote mbili, ambayo yanaweza kuzaa korosho. Harufu tamu inayotanda kijijini jioni za Julai na Agosti hutoka humo.

Bogenvilia inatudanganya kabisa. Kile kinachoonekana ua la zambarau au la chungwa ni majani matatu yaliyogeuzwa rangi. Maua halisi ni vimirija vidogo vyeupe katikati. Jani la namna hiyo halina tena kazi ya kutengeneza sukari, ni jembamba kama karatasi, na kwa hiyo hudumu wiki nyingi mahali ambapo ua laini lingekauka kwa siku chache. Mmea huu ni wa Amerika Kusini; Mfaransa Philibert Commerson aliuokota Rio de Janeiro mwaka 1767 na kuupa jina la kapteni wa safari yake, Bougainville. Ukiumwagilia kila siku utapata majani ya kijani mengi na rangi kidogo. Ukiuacha upate kiu kidogo, huwaka. Nimeona watu wakiubebea maji kwa ndoo kutoka mbali huku wakilalamika kwamba hauchanui, na tatizo lilikuwa ndoo hiyohiyo.

Baadaye, Septemba na Oktoba, jua likirudi utosini, huja rangi nyingine: majani mapya ya miombo porini, na machipukizi ya mwembe uani, mekundu yenye kuelekea shaba. Rangi hiyo hutokana na kemikali iitwayo anthosayanini, inayofyonza sehemu ya mwanga. Wanasayansi wana maelezo mawili: kwamba hulikinga jani changa na jua kali kabla mitambo yake haijakamilika, na kwamba huwafanya wadudu walao majani wasiliendee. Yote mawili yana ushahidi, na huenda kila moja lina nafasi yake.

Haya yote yasikufanye udhani kipupwe ni rafiki mtupu. Baridi na unyevu wa alfajiri vinavyoleta maua ndivyo vinavyolea ubwiriunga, kuvu mweupe anayefunika vishada vya mkorosho na kuyaua maua. Kuvu huyu hahitaji jani lililolowa. Unyevu wa hewa unamtosha, na kipupwe kinampa. Ndiyo sababu Juni na Julai utasikia mashine za kupulizia salfa kabla jua halijachomoza. Saa hiyo upepo umetulia, na umande husaidia unga wa salfa kushika. Utafiti mwingi wa ugonjwa huu na wa mkorosho wenyewe umefanywa na kituo cha Naliendele, Mtwara. Ukiwa karibu na mashine, funga pua na macho, na watoto wakae mbali.

Sasa twende kwenye ufagio. Kila asubuhi ya kipupwe majani makavu huzolewa, yakarundikwa, yakachomwa jioni. Nyumbani ni vyema kufagia; nge na nyoka hupenda majani yaliyorundamana. Lakini fikiria jani hilo limetoka wapi. Kabla ya kuliangusha, mti ulivunjavunja kijani chake, ukarudisha kwenye tawi nusu hivi ya nitrojeni na fosforasi, ukaota tabaka la seli kwenye kikonyo, ndipo ukaliachia. Rangi ya njano uliyoiona ilikuwamo tangu mwanzo, imefunikwa na kijani. Nusu iliyobaki bado imo ndani ya jani. Ukilichoma, karibu nitrojeni yote hupaa na moshi. Ukilitandaza kwenye tuta la mchicha au juu ya udongo wa kopo la maua, hurudi polepole, na njiani huzuia jua na upepo visinyonye maji ya udongo. Chini ya mikorosho ya shambani ni hadithi nyingine: huko majani makavu mengi ni hatari, maana moto wa porini wa Agosti na Septemba ukiingia huunguza mti mzima. Majani ya kule yazoe, uyalete kwenye bustani ya nyumbani.

Kwa aliyenifuata mpaka hapa, ile fimbo ya Juni ina kazi moja ya mwisho. Nyumba yenye ukuta wa mita 3 hutupa kivuli cha mita 2 hivi upande wa kusini mchana wa Juni. Makopo ya maua yasiyopenda jua yaweke huko hadi Agosti. Desemba yahamishie kaskazini. Bogenvilia na mshubiri viache kaskazini mwa nyumba, na usivizidishie maji. Mwembe na mkorosho ukitaka kuipogoa, fanya hivyo mara tu baada ya kuvuna, ili machipukizi yawe na miezi ya kukomaa kabla ya baridi. Ukikata matawi mwezi Mei, Julai utapata majani, na maua utayatazama kwa jirani.